Tepu Haikuwa Imekufa

Wasee, juzi nilibaki kidogo tu nitupe pesa kwa RAM ambayo sikuhitaji, sababu ni mstari mmoja ambao sikuusoma. Wacha niwaeleze.

Hapa Kangemi mimi huhariri video za watu: harusi, ruracio, mazishi. Diski zikijaa, nafuta. Lakini kabla sijafuta, naweka nakala kwa tepu. Eeh, tepu, LTO-5, moja inabeba terabaiti 1.5. Draivu nilinunua mtumba. Watu hunicheka, lakini tepu iliyo kwenye rafu haijali stima ikipotea, na virusi haiifikii.

Video ya shosh akisimulia maisha yake ilikuwa kwa tepu moja tu. Shosh ameshatuacha. Halafu usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi na nguvu, kompyuta ikaungua pamoja na diski. Draivu na kadi yake ya SAS zikapona. Nikazihamishia mashine nyingine, nikaweka Linux upya.

Mathe akaniuliza, "Ile video ya shosh tutaiona Jumapili?"

"Ndio, mama. Usijali."

Ijumaa nikaandika lsscsi. Diski pekee, tepu hakuna. Nikazima mashine, nikachomoa kadi, nikaisukuma tena hadi ikaingia vizuri. Sasa tepu ikaonekana. Nikasukuma kile kidude cha kuzuia kuandika, ndio nisije nikafuta kitu kwa makosa, nikaiingiza. mt -f /dev/nst0 status ikanijibu ONLINE. Nikacheka peke yangu.

Nikaandika tar -tvf /dev/nst0. Jibu: "Cannot allocate memory."

Mimi nikajua ni RAM. Mashine mpya, kumbukumbu haitoshi, si ni wazi? Nikaanza kuhesabu pesa, kesho nishuke tao, nitembee Luthuli. Usingizi haukuja. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mathe.

Saa nane usiku nikafungua dmesg. Jibu lilikuwa hapo muda wote: draivu imeshindwa kusoma kipande cha baiti 262144 kwa sababu tar imeomba baiti 10240 tu. Haikuwa RAM. Ni kama kuleta kikombe kupokea maji ya ndoo.

Ndio nikakumbuka. Skripti yangu ya zamani iliandika kwa -b 512, na 512 mara 512 ni 262144. Bila kuambiwa, tar hutumia 20, yaani 10240. Hiyo skripti iliungua na kompyuta, na sikuwa nimeiandika mahali pengine.

Nikarudisha tepu mwanzo, nikaandika tar -b 512 -tvf /dev/nst0. Majina ya faili yakaanza kushuka. Jumapili shosh aliongea sebuleni, mathe akalia, mimi pia.

Maoni yangu ni haya. Tunajisifu tuna bakapu, lakini bakapu ambayo hujawahi kuifungua kwa mashine nyingine ni imani tu. Na nilichokaribia kupoteza si tepu, ni maelezo ya kuisoma. Sasa kila kasha lina karatasi ndani: tarehe, amri niliyotumia, ukubwa wa kipande. Shosh yuko kwa tepu mbili, na flashi moja anayo mathe.

Wewe yako ulijaribu kuifungua lini?