Jiwe Laini la Tabaka

Msafiri aendaye Tabaka, katika nchi jirani ya Kenya, hupita kwanza mji wa Kisii, mashariki ya Ziwa Viktoria, kisha hushika njia ya kusini-magharibi katikati ya migomba, chai na mahindi. Vilima vya Wakisii vimelimwa hata vileleni, kwa kuwa mvua ni nyingi na watu wameizidi ardhi. Mara shamba hukatika, na mbele yake huonekana shimo kubwa jeupe lililochimbwa kwa mikono ya wanadamu.

Hilo ni chimbo la jiwe la sabuni. Limepewa jina hilo kwa sababu huteleza mkononi mfano wa sabuni. Ndani yake mna madini laini mno ambayo hata ukucha huyakwaruza. Liko jeupe, liko la waridi, liko la kijivu.

Wanaume hushuka shimoni na sururu, mitaimbo na majembe. Huondoa udongo wa juu, hung'oa jiwe bonge kwa bonge na kulipandisha kwa nguvu za mabega. Panga hulipunguza, tezo na kisu hulipa umbo la twiga, bakuli au kete za sataranji. Kisha kazi huwapokea wanawake, ambao huketi kando ya karai za maji, wakisugua kila chombo kwa msasa mpaka king'ae. Maji hutuliza vumbi. Lakini jiwe lichongwapo kavu, vumbi huingia kifuani, na kifua hakioshwi kwa maji.

Sifa ya jiwe hilo imefika mbali. Sanamu ya "Ndege wa Amani", iliyochongwa na Mkisii Elkana Ong'esa, imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Vinyago vidogo huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Kila vipitapo mkono mpya bei hupanda, na mkono wa kwanza, ule uliochimba, ndio uambuliao kidogo.

Mvua kubwa zinyeshapo, kuta za shimo hulainika na huweza kuporomoka juu ya wachimbaji. Shimo lililoachwa hujaa maji, likawa hatari kwa watoto na mifugo. Tena mgomba ukikatwa huacha chipukizi. Jiwe likiondolewa huacha shimo tu.

Mwenye shamba akubalipo lichimbwe, huuza mara moja kitu kilichokuwa kikimlisha kila mwaka. Kwa hiyo, kabla fedha hazijagawanywa, yapasa itengwe kazi ya kurudisha kifusi shimoni na udongo wa rutuba juu yake. Hapo watoto wanaowaosheea mama zao vinyago leo watakuta, siku jiwe litakapokwisha, mahali pa kupanda migomba.