Viti Viwili Tu

Mwaka 2012 nilibahatika kwenda Japani kwa mafunzo ya uuguzi ya wiki sita, katika mji wa Hamamatsu. Muuguzi mmoja, mwenye umri wa mama yangu, alinipitia kila asubuhi kwa gari lake. Siku ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Gari lilikuwa fupi kana kwamba limekatwa nyuma, na ndani mlikuwa na viti viwili tu.

Aliniambia linaitwa Suzuki Twin. Lilianza kuuzwa mwaka 2003, na mwaka 2005 kiwanda kikaacha kulitengeneza. Urefu wake haufiki meta tatu. Ilikuwapo hata aina iliyosaidiwa na mota ya umeme, lakini bei yake ilizidi maradufu ya lile la kawaida. Tena, mwenye familia atafanya nini na viti viwili, wakati magari mengine madogo ya huko yana vinne?

Nilimwuliza kwa nini basi yeye alilinunua. Akanyamaza mpaka taa za barabarani zikageuka kijani.

"Tulilinunua na mume wangu," akasema. "Alinishusha hospitalini, kisha akaenda kazini kwake. Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni. Yote tuliyopatana, tulipatania humu. Sasa ni miaka mitatu tangu afariki. Watoto wanataka niliuze."

Kumbe kiti nilichokalia kilikuwa chake, naye sasa alikalia cha mumewe.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nyumbani nilikuwa nimeacha mume na watoto watatu. Katika simu zetu tulizungumza ada ya shule na unga, basi. Hatukuwa tumegombana, tulikuwa tumenyamaza tu.

Niliporudi nilimsimulia baba watoto habari za gari lile. Akacheka, akasema sisi hata baiskeli hatuna. Ni kweli. Lakini tangu wiki ile tunatoka nusu saa mapema, tunakwenda kituo cha basi kwa miguu, wawili tu. Siku tatu za kwanza tulitembea bila neno la maana. Siku ya nne alinieleza jambo la kazini lililokuwa limemsumbua mwaka mzima, nami sikuwa na habari.

Mama mwenzangu, najua nyumba yako imejaa watu kama yangu. Je, viti vyenu viwili viko wapi?