Lulindi, Mwaka wa Maaskofu

Habari ya maaskofu ilinitangulia kufika nyumbani. Februari 2007 wakuu wa Kanisa Anglikana duniani walikutana Dar es Salaam, na mimi nilikuwa jijini humo humo, mwanafunzi wa sosholojia mwaka wa pili. Walikuwa wakivutana juu ya Gene Robinson, mwanamume aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa New Hampshire, Marekani, mwaka 2003. Desemba iliyotangulia maaskofu wa Tanzania walikuwa wameshatamka kwamba fedha za dayosisi zinazokubali jambo hilo hawazitaki tena. Mkutanoni, baadhi ya maaskofu wakuu walikataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na Katharine Jefferts Schori, aliyekuwa mkuu wa kanisa la Marekani wakati ule. Jumapili wakavuka bahari kwenda kusali Mkunazini, Unguja, katika kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Lulindi, kwetu Masasi, ilisikiliza habari hizo kama mtu anayesikia wajomba zake wanagombana. Pale ni misheni ya zamani ya UMCA, shirika la wamisionari wa Kianglikana. Daktari Leader Stirling alifika hospitalini mwaka 1935, miaka mingi kabla hajawa waziri wa afya wa nchi hii, na bibi yangu alikuwa akihesabu miaka kwa madaktari na mapadri: huyu kazaliwa enzi za fulani, yule kaolewa fulani alipoondoka. Uanglikana kwake haukuwa dhehebu la kuchagua. Ulikuwa ukoo.

Nilirudi likizo ya Julai, baada ya basi kutuchosha kwa ule mchanga wa barabara isiyokuwa na lami kati ya Nyamwage na Somanga. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, na mjomba alikuwa shambani tangu alfajiri na pampu mgongoni, akipuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunyunyu. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ungali umelala na umande ungali juu ya majani, ili unga ushike. Alitoka chini ya mti kope zake zote njano, kitambaa kimefungwa puani, akanipa mkono wenye harufu ya kiberiti. Nikamwamkia. Akaitikia, akafungua kitambaa, na swali lake la kwanza likawa: “Hivi, mpwa wangu, huko chuoni wanawafundisha na yale mambo ya maaskofu?”

Nikasema hapana. Ilikuwa kweli kiasi. Somo lenye jina hilo halikuwepo. Yalikuwepo makaratasi ya fotokopi, yaliyopita mikono mingi mpaka maandishi yakafifia. Gill Shepherd alikuwa ameandika mwaka 1987 juu ya mashoga na wasagaji wa Mombasa, na cheo na mali vinavyoingia katika mahusiano yao. Deborah Amory aliandika juu ya watu wa pwani mwaka 1998. Tulimsoma pia Sylvia Tamale, mwanasheria wa Makerere, aliyesema Uganda mwaka 2003 kwamba haki sawa ziwahusu na watu hao, akasakamwa mpaka akatangazwa mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka ule. Niliyasoma yote kwa pupa, kisha nikaudhika. Ramani ya wasomi hao ilishuka na mwambao ikaishia visiwani. Kusini kwetu hakuna aliyefika na swali hilo.

Na si kwamba Masasi haikuandikwa! Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi yetu tangu 1926, alijulikana kwa kulitia jando ndani ya kanisa. Aliona wavulana watakwenda tu likumbini, yaani kambi ya jando, padri apende asipende. Basi padri aende nao, na msalaba, na sala, na yale aliyoyaona machafu yaachwe nje. Terence Ranger, aliyekuwa mwalimu wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliichambua habari hiyo katika kitabu cha mwaka 1972. Mimi nilivutwa na hayo yaliyoachwa nje. Mahali ambapo watu walifundishwa mwili, ndoa na tamaa kwa nyimbo na mafumbo, mtu asiyeingia katika fumbo hilo aliambiwa nini?

Aliyenisimamia chuoni alisoma pendekezo langu la utafiti, akalirudisha. “Tia UKIMWI kwenye kichwa cha habari, litapita.” Hakunidanganya. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa huo wa afya: mwaka huo huo wa 2007 Zanzibar walipimwa wanaume zaidi ya 500 wanaolala na wanaume. Kwenye milango mingine kulikuwa na sheria dhidi ya mahusiano hayo, ambayo tangu 1998 humpa mtu kifungo kisichopungua miaka 30, hata cha maisha. Swali langu la utafiti, kwa anayeulizwa, lilifanana na la polisi. Siku hizo nililiona hilo kuwa kero ya kitaratibu tu.

Nikaenda kwa bibi, kungwi aliyecheza wanawali wengi wa Lulindi na wa vijiji vya njia ya Newala. Nilimkuta anapepeta mbaazi. Nikajieleza kwa adabu zote, na daftari magotini.

“Askofu aliingia jando,” akasema. “Ni la wanaume wenzake. Unyago alisimama mlangoni. Na wewe mjukuu wangu utasimama hapo hapo. Shika ungo.”

Nikashika ungo. Mpaka leo naona jibu lile lilikuwa na heshima kubwa kwa elimu kuliko lile la chuoni.

Nyumba ya nne kutoka kwetu aliishi mtu nitakayemwita Mpishi. Alikuwa wa rika la mjomba, walitahiriwa pamoja. Hakuoa. Alisuka nywele za wasichana, akapika pilau la harusi zote, na kwenye shughuli alikaa mkekani na akina mama. Watu walisema “ndivyo alivyo”, mazungumzo yakaendelea. Kisha, mwezi Machi, mhubiri mgeni akaja akaeleza kwamba mambo haya yametoka Marekani kwa ndege. Julai vijana wa kijiweni walikuwa wanamwita Mpishi “Askofu”. Walicheka sana. Akapunguza kupita njia ile, akawa anazungukia mashambani, na wasichana wawili niliowajua wakakatazwa kusukwa kwake. Sikuona hata mmoja aliyemwambia mhubiri kwamba huyu wetu kazaliwa hapa hapa.

Agosti ilikuja harusi. Vijana walitaka mpishi kutoka Masasi mjini. Bibi akauliza nani atakayemlipa, na nani kati yao amewahi kula wali ulioungua kwa heshima ya Marekani. Mpishi akaitwa. Alifika na mwiko wake mwenyewe, katekista akala sahani mbili, na mimi nikatumwa kukata vitunguu.

“Nasikia unaandika habari za jando,” Mpishi akaniambia bila kuinua macho.

“Naam, baba.”

“Basi andika kwamba likumbini kwetu chakula kilikuwa kibaya. Ugali mbichi, siku zote. Ndipo nilipoapa kwamba nikitoka nitajifunza kupika.”