Kutoka Tarime hadi Mto Mara: Nguvu ya Chakula Safarini

Asubuhi ya Tarime ina baridi ambayo mimi, mwalimu wa biolojia kutoka Tanga, sikuibebea koti. Nilijipasha joto kwa mama ntilie wa stendi: ugali wa muhogo na mtama, nyama ya ng'ombe, na bakuli la maziwa mgando. "Kula ushibe, mwanangu, Mugumu si hapo," aliniambia. Mchomoko, gari dogo la abiria, ukajaa, ukajazwa tena, ndipo tukaondoka.

Barabara inapita Nyamwaga na Nyamongo kwenye dhahabu, kisha inateremka kuutafuta Mto Mara. Ukivuka daraja unaelekea Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Kwenye mlima mmoja gari lilizidiwa na mzigo, tukaambiwa tushuke tupande kwa miguu. Nikatimua mbio nisije nikaachwa. Nusu ya mlima miguu ikawaka, pumzi ikakata. Mama mmoja aliyejitwika mkungu wa ndizi akanipita wala hahemi. "Pole, mgeni. Nenda taratibu."

Ushauri wake ulikuwa biolojia tupu. Wanga wa ule ugali ulimeng'enywa ukawa glukosi, damu ikaifikisha kwenye misuli. Lakini seli haiwezi kuitumia hivyo hivyo. Glukosi ni noti kubwa inayopaswa kuvunjwa iwe chenji, na chenji yenyewe ni molekuli za ATP. Oksijeni ikitosha, sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndani ya mitokondria: glukosi moja hutoa ATP kama 30, pamoja na maji na ile kabonidayoksaidi tunayoitoa kwa pumzi. Ukikimbia kuliko moyo na mapafu vinavyomudu kuleta oksijeni, misuli huongezea kwa njia ya mkato: ATP 2 tu kwa kila glukosi, na asidi ya laktiki juu yake. Yule mama alikuwa akitembea kwa mwendo ambao oksijeni yake inaumudu.

Nililala Mugumu. Kesho yake dereva, Mkurya mcheshi, alinipeleka hifadhini hadi Kogatende. Ilikuwa Agosti, msimu wa nyumbu kuvuka. Walisitasita ukingoni, mmoja akajitosa, wengine wakamiminika. Mamba akamdaka ndama, akazunguka naye majini, kisha akatulia tuli, windo likiwa bado mdomoni.

"Kashiba?" nikauliza.

"Hata hajaanza kula, mwalimu. Kachoka."

Kweli. Mamba akishambulia hutegemea zaidi ile njia isiyotumia oksijeni: nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha damu hujaa asidi na lazima apumzike. Akitulia hutumia chakula kidogo sana, kwa kuwa hakichomi ili kuupasha mwili joto. Anaweza kukaa miezi bila kula.

Nyumbu yeye ni msafiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature ulipima misuli ya nyumbu wa Botswana: karibu asilimia 63 ya nishati iliyotumiwa na misuli iligeuka kazi, na iliyobaki ikapotea kama joto. Misuli ya ng'ombe ilifikia asilimia 42 hivi. Joto likiwa dogo, maji ya kuupoza mwili nayo hupungua. Nyumbu hao waliweza kukaa hadi siku 5 bila kunywa.

Nikamweleza dereva kwamba nyumbu amempiku ng'ombe. Akacheka.

"Sawa, mwalimu. Lakini nitajie mkwe mmoja hapa Mara atakayepokea mahari ya nyumbu."