Nani Amenisamehe? Tafakari ya Dominika ya Pili ya Pasaka



Wapendwa taifa la Mungu, katika Dominika ya Pili ya Pasaka, ambayo ni Dominika ya Huruma ya Mungu, Mama Kanisa hutusomea kila mwaka Injili ileile. Mitume wamejifungia ndani kwa hofu na Tomaso hayupo. Baada ya siku nane Tomaso yupo, na Bwana anasimama mbele yake. Nimeihubiri Injili hiyo mara nyingi. Lakini nakiri kwamba niliielewa kando ya kitanda cha mgonjwa, wala si katika darasa la seminari. Leo napenda niwasimulie habari hiyo, kwa ruhusa ambayo mhusika mwenyewe alinipa kabla ya kufariki dunia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya upadre wangu, katika parokia moja ya pwani. Kila Alhamisi nilipeleka Komunyo Takatifu hospitalini. Katika wodi ya wanaume alilazwa mzee mmoja, mkulima wa minazi, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya kwao. Kitanda cha pili yake alilazwa mzee wa Kiislamu, fundi seremala, mtu mpole na mwenye adabu. Wazee hawa wawili walikuwa wamekwisha kuwa marafiki. Walishirikiana chai na uji, na yeyote aliyeletewa maji ya kunawa alianza kumpitishia mwenzake.

Siku moja mzee wetu akaniambia: “Padre, rafiki yangu ameniuliza swali, nami nimeshindwa. Anataka nimwonyeshe mahali ambapo Yesu alisema kwa kinywa chake kwamba yeye ni Mungu, tena kwa maneno hayohayo. Nimetafuta siku tatu, sijapata.”

Swali hili si geni kwetu. Sisi tuliokaa pwani tumelisikia katika mihadhara viwanjani, na wengine wameletewa mlangoni asubuhi na wahubiri wa madhehebu yasiyokiri Utatu Mtakatifu. Nami siku ile nilikuwa na haraka. Nikamtajia mwanzo wa Injili ya Yohane, nikamwandikia aya nyingine tano au sita kwenye karatasi, nikambariki, nikaondoka. Nilijiona nimejibu vema.

Alhamisi iliyofuata niliikuta karatasi ile imekunjwa chini ya mto. Mzee hakuwa na furaha. Akasema: “Padre, mimi sikutafuta aya za kumshinda mwenzangu. Nina jambo langu. Mdogo wangu na mimi tuligombania shamba la marehemu baba yetu. Nilimdhulumu, naye amekufa hatujapatana. Hawezi tena kunisamehe. Nimekwenda kwenye kitubio, nimeondolewa dhambi kwa nguvu ya Yesu. Sasa niambie, Padre: kama Yesu alikuwa nabii tu, mtu mwema kama manabii wengine, anawezaje kufuta deni nililo nalo kwa marehemu ndugu yangu? Kama yeye si Mungu, nani amenisamehe?”

Ndugu zangu, nilinyamaza. Nilitambua kwamba wiki nzima mgonjwa huyu alikuwa amebeba mzigo, nami nilikuwa nimemwachia orodha. Nikavuta kiti, nikafungua Injili ya Marko, sura ya pili.

Mnaikumbuka habari ile ya Kafarnaumu. Watu wanne wanamleta mgonjwa wa kupooza, wanatoboa dari, wanamteremsha mbele ya Yesu. Kila mtu anatazamia uponyaji. Yesu anaanza na jambo jingine kabisa: anamwambia yule mtu kwamba dhambi zake zimesamehewa. Walimu wa Sheria walioketi pale wanafikiri mioyoni mwao kwamba huko ni kukufuru, kwa maana hakuna awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu peke yake.

Nikamwambia mzee: hoja ya walimu wale ilikuwa sahihi, na ndiyo hoja yako wewe. Mtu akinikosea mimi, mimi naweza kumsamehe. Mtu akimwibia jirani yangu, mimi sina haki ya kumwambia mwizi kwamba yamekwisha. Yule aliyepooza, kwa kadiri Injili inavyotuonyesha, hakuwa amemkosea Yesu wa Nazareti kwa neno wala kwa tendo. Anayeweza kusamehe kila dhambi ya kila mtu ni yule tu ambaye kila dhambi humgusa yeye, yaani Mungu mwenyewe. Je, Yesu aliwasahihisha walimu wale? Aliwaambia kwamba wamemwelewa vibaya, kwamba yeye alitoa taarifa tu kwa niaba ya mwingine? La hasha. Aliwaambia kwamba Mwana wa Mtu anayo mamlaka hiyo hapa duniani, na ili wajue, akamwamuru mgonjwa asimame, achukue mkeka wake, aende nyumbani. Naye akasimama.

Mzee akaniuliza: “Basi kwa nini hakusema wazi?”

Alisema, lakini kwa lugha ya taifa lake, na waliomsikia walimwelewa. Katika sura ya nane ya Injili ya Yohane anawaambia wapinzani wake kwamba yeye yupo kabla Abrahamu hajakuwako. Hasemi kwamba alikuwako. Anasema yupo, akirudia namna ile ambayo Mungu alijitambulisha kwa Musa katika kichaka kilichowaka moto. Wakaokota mawe. Katika sura ya kumi anasema kwamba yeye na Baba ni umoja. Wakaokota mawe tena, na safari hii wakaeleza sababu: yeye, aliye binadamu, anajifanya Mungu. Na usiku wa kuhukumiwa kwake, Kuhani Mkuu alipomwuliza kama yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, alikubali, tena akajitaja kuwa yule Mwana wa Mtu ajaye na mawingu ambaye nabii Danieli alimwona akipewa ufalme usio na mwisho. Kuhani Mkuu akararua mavazi yake. Kwa neno moja la kukana Yesu angeweza kuepuka hukumu ya kukufuru. Hakulitamka.

Tena tazameni jambo la kuabudiwa. Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua upesi akisema kwamba yeye naye ni mtu tu. Watu wa Listra walipotaka kuwatolea sadaka Paulo na Barnaba, mitume hao walirarua nguo zao kwa uchungu. Katika Kitabu cha Ufunuo, hata malaika anakataa kusujudiwa na kuagiza kwamba Mungu ndiye aabudiwe. Ndivyo afanyavyo kila mtumishi mwaminifu. Lakini Yesu mfufuka wanawake walimshika miguu wakamsujudia, nao wale kumi na mmoja wakamsujudia mlimani Galilaya, wala hakuwazuia. Aliye mwema kuliko mitume na malaika angewezaje kuipokea heshima ambayo hao waliikataa kwa hofu, kama haikuwa haki yake?

Mzee wetu hakuwa mtu wa kuridhika upesi, nami nilimheshimu kwa hilo. Akauliza: “Mbona alisali? Mbona alisema Baba ni mkuu kuliko yeye?” Ni maswali ya haki, nasi tusiyafiche. Mtakatifu Paulo anatupa ufunguo katika sura ya pili ya Waraka kwa Wafilipi. Kristo alikuwa na hali ya Mungu, akajishusha, akatwaa hali ya mtumwa, akawa sawa na wanadamu, akatii mpaka kufa msalabani. Alisali kwa sababu ni mtu kweli. Na aliongea na Baba kwa sababu ni Mwana kweli. Aliona njaa, alichoka, alimlilia Lazaro. Mwenye kukiri Umungu wake haruhusiwi kuupunguza ubinadamu wake.

Na katika maneno hayohayo Paulo anasema kwamba kila goti litapigwa kwa jina la Yesu. Mwenye kujua maandiko ya manabii hushtuka hapo, maana katika sura ya arobaini na tano ya Isaya ni Mungu anayesema kwamba hakuna Mungu mwingine, na kwamba ni mbele yake yeye kila goti litapigwa. Paulo, Mwebrania aliyelelewa katika imani ya Mungu mmoja, anakitaja kwa Yesu kile ambacho Mungu alikihifadhi kwa ajili yake mwenyewe. Waraka huo uliandikwa ndani ya miaka thelathini hivi baada ya msalaba. Kwa hiyo anayedai kwamba Umungu wa Kristo ulibuniwa na maaskofu katika Mtaguso wa Nisea mwaka 325 amechelewa karibu karne tatu. Mababa wa Nisea, ambao mwaka 2025 Kanisa liliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso wao, walilinda imani iliyokuwapo dhidi ya mafundisho ya padre Ario wa Aleksandria. Hawakuianzisha.

Hatimaye tukafika kwa Tomaso. Yeye hakutaka aya. Alitaka kuona makovu. Na alipoyaona, alimwita Yesu Bwana wake na Mungu wake, naye Yesu hakumkemea kwa maneno hayo, bali aliwasifu wale watakaosadiki bila kuona. Nilimwambia mzee: angalia kwamba Tomaso alimtambua Mungu katika majeraha. Aliyekusamehe hakusamehe kwa mbali, kama hakimu anayepiga muhuri. Dhambi uliyomtenda ndugu yako ilimfikia yeye mwilini mwake. Ndiyo maana anaweza kuiondoa.

Mzee alilia kidogo, kisha akaomba Komunyo.

Wiki ile akawaita watoto wa marehemu mdogo wake, na mbele ya wazee wa ukoo akawarudishia sehemu yao ya shamba. Msamaha wa Mungu haukumfanya aseme kwamba basi hana deni. Ulimpa nguvu ya kulipa lile lililokuwa bado linalipika.

Yule rafiki yake alimwuliza kama ameipata aya. Akamjibu kwamba aya ya namna ile hakuipata, lakini jibu la swali lake amelipata. Fundi akatikisa kichwa taratibu, akasema: “Sisi hatuamini hivyo, ndugu yangu. Lakini namshukuru Mungu, siku hizi unalala.” Mzee wetu alipofariki wiki chache baadaye, fundi yule alikuwa amekwisha kuruhusiwa. Alikuja mazikoni, akakaa pamoja nasi mpaka mwisho.

Wapendwa, tukiulizwa juu ya imani yetu, tujibu kwa upole na heshima, na tuyajue Maandiko vizuri kuliko nilivyoyatumia mimi Alhamisi ile ya kwanza. Lakini kabla ya kumjibu jirani, kila mmoja ajiulize: je, ninamwendea Yesu kama mwalimu mwema aliyepita, au kama Mungu wangu anayeweza kunifungua leo? Kitubio kipo kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Kama kuna ndugu ambaye bado yu hai na hamjapatana, msingoje.

Nawatakia Dominika njema yenye baraka tele. Amina.

Ni mimi Paroko wenu.