Wapagazi Waliopita Kwenye Picha

Njia ya zamani ya misafara ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare na kuelekea ziwa Tanganyika. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Maniema, mkoa wenye miji hiyo, ilitoa wapagazi wengi: maboksi ya risasi kichwani, unga wa askari mabegani, nyuma ya jeshi la Wabelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916. Kongo nzima ilitoa zaidi ya wapagazi 200,000. Wengi walikufa huko huko kwa kuhara, njaa na uchovu, wakazikwa kando ya njia bila alama, na matanga yao nyumbani yakakaliwa pasipo maiti.

Vita hivyo vilipiganwa pia kwenye ziwa hilo, navyo ndivyo Mwingereza C. S. Forester alivyovitungia riwaya mwaka 1935, na Sam Spiegel akaitolea filamu, The African Queen, mwaka 1951. Spiegel alikuwa mtayarishaji, yule anayesaka fedha, anayebembeleza waigizaji, anayebeba madeni wengine wakilala. Alifanikisha safari ya mwongozaji John Huston na waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mpaka mto Ruiki, karibu na Ubundu, ambako maji ya Lualaba yaliyopita karibu na Kasongo hufika baada ya Kindu. Hepburn aliugua tumbo vibaya. Mashua ya filamu ilizama, watu wa pale wakaivuta kwa kamba na mikono mpaka ikaibuka. Bogart alipata Oscar.

Kwenye filamu hiyo Spiegel hakuandikwa kwa jina lake. Aliitwa S. P. Eagle. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Galicia mwaka 1901, aliyekimbia Berlin mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka, na namwonea huruma kweli mtu aliyefanya kazi yake kubwa akiwa amejificha. Lakini yeye alilirudia jina lake. On the Waterfront ya 1954 ilitoka nalo, ikapata Oscar ya filamu bora. The Bridge on the River Kwai na Lawrence of Arabia zikafuata, nazo zikaipata. Alipofariki tarehe 31 Desemba 1985, alikufa akiwa Sam Spiegel.

Wapagazi wa kwetu Maniema je? Mwanzoni mwa filamu askari wa Kijerumani wanaingia kijijini, wanachoma nyumba, wanawaswaga watu. Ni dakika chache tu. Kisha hadithi inashuka mtoni na Wazungu wawili, na wale walioswagwa hawatajwi tena. Hapo ndipo watu kama babu zetu walipopita kwenye picha, na ninapofika hapo moyo hunisonga.

Kinachoniuma zaidi ni mwaka wenyewe. Mwaka 1951 mpagazi aliyechukuliwa akiwa na miaka ishirini alikuwa hajafika sitini. Wazee wa namna hiyo walikuwepo kando ya Lualaba, wakiwa na akili timamu, wakikumbuka nani alianguka wapi na alikuwa mtoto wa nani. Kamera ilikuwa imeshafika mtoni. Hakuna aliyewauliza.