Kabla ya Kubadilisha Stata

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1971. Wenzangu chuoni wamechoka kuniuliza kwa nini sinunui Toyota IST kama watu wengine wenye akili timamu, nami nimechoka kuwajibu. Leo sikusudii kulitetea. Nataka kueleza jambo dogo lililonichukua wiki tatu, nalo ni kuchagua stata ya kuweka mahali pa ile iliyochoka. Maana katika kuitafuta nilijikuta nikifikiri zaidi juu ya namna tunavyoendesha ofisi zetu kuliko juu ya magari.

Dalili zilikuwa za kawaida. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari liliwaka bila shida. Likishatembea mjini na kusimama dakika kumi juani, nikigeuza ufunguo nilisikia mlio mmoja mkavu, "ta", kisha kimya. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wamelisukuma mara nyingi kiasi kwamba baadhi yao wanadhani ni sehemu ya kozi.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakuinama hata kidogo kutazama chini ya gari. "Stata imekufa, Dokta. Weka nyingine." Ushauri huo tunaufahamu sote, kwa kuwa ndio tunaousikia kila taasisi inapokwama: huyu hafai, ondoa, weka mwingine. Tumeona wakurugenzi wakiondolewa jioni na kuapishwa wengine asubuhi, na baada ya miezi sita mlio ni uleule.

Niliamua kupima kwanza, na ili nieleweke ni lazima nieleze njia ya umeme ndani ya gari hili. Injini ya Beetle iko nyuma. Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Stata imefungwa ubavuni mwa giaboksi, hatua moja tu kutoka kwenye betri, na waya mnene unaziunganisha moja kwa moja. Kufikia hapo mambo ni mazuri. Lakini amri ya kuiamsha stata haipiti njia hiyo fupi. Umeme wa amri unaondoka nyuma, unasafiri kwa waya mwembamba hadi mbele ya gari, unapita kwenye swichi ya taa, unafika kwenye swichi ya ufunguo, kisha unarudi tena nyuma hadi kwenye stata ambayo muda wote ilikuwa jirani na betri. Kila kiungo njiani kinakula kidogo. Waya wenyewe una umri wa zaidi ya nusu karne. Stata ikipata joto, shaba iliyomo ndani yake huongeza ukinzani na kuhitaji msukumo zaidi, wakati kinachofika ni makombo. Nilipoweka mita kwenye waya wa amri gari likiwa na joto, volti 12 zilizoondoka kwenye betri zilifika zikiwa hazitimii 8.

Yeyote aliyewahi kuomba kibali cha kubadilisha taa ya ofisi ya wilaya anaijua njia hiyo. Tatizo lipo kijijini, fedha ipo kijijini kwa maana ya makusanyo, na fundi yupo kijijini. Lakini ruhusa lazima isafiri hadi makao makuu na kurudi, ikipungua nguvu katika kila meza.

Dawa ya ugonjwa huu ni ya bei ndogo. Unafunga rilei jirani na stata. Ule waya mwembamba kutoka kwenye ufunguo unabaki na kazi moja tu ya kusema "ndiyo", na nguvu yenyewe inachukuliwa palepale kwenye betri. Mwenye ufunguo hajapoteza mamlaka yake hata chembe. Nilipokuwa nafunga rilei hiyo nilikumbuka Madaraka Mikoani ya mwaka 1972. Sera ile ilitangazwa kama kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini katika utekelezaji wake halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa na maofisa wa serikali kuu wakapelekwa mikoani kufanya kazi zao. Waya ulihamishwa, swichi ikabaki mbele. Ilibidi zije sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ili halmashauri zirudi, na hadi leo mjadala kuhusu nani ashike nini haujaisha.

Nilisafisha pia waya wa ethi, ule mkanda wa shaba uliosukwa unaounganisha giaboksi na bodi. Ulikuwa umeliwa na kutu hadi kubaki nyuzi chache. Injini na giaboksi zimekaa juu ya mipira, kwa hiyo mkanda ule ndio njia kuu ya umeme kurudi kwenye betri. Hakuna anayeutazama, kwa kuwa hauko upande wa ufunguo.

Hapa wapo wasomaji wangu, hasa wanaharakati, watakaotaka nifunge hoja: kumbe tatizo ni mfumo, si mtu! La hasha. Baada ya rilei na ethi, mlio ule mkavu ulikwisha, lakini stata ilizunguka kwa unyonge na kutoa sauti ya chuma kusuguana na chuma. Mfumo ulikuwa mbovu na stata nayo ilikuwa imechoka kweli. Tumezoea kuchagua moja kati ya maelezo hayo mawili kama vile yanagombana. Anayelaumu mfumo peke yake humpa mtumishi mzembe mahali pa kujificha, na anayelaumu mtu peke yake hupeleka mtu mwadilifu akaungulie kwenye waya uliooza. Tofauti ni kwamba sasa, nikiwa nimeshatengeneza waya, nilikuwa na haki ya kuihukumu stata.

Basi nikaanza kutafuta mbadala, na ugumu ukaanza. Beetle ni gari linalodanganya kwa sura. Jiwe la msingi la kiwanda chake liliwekwa na Hitler mwaka 1938, na wafanyakazi wa Ujerumani wakachangishwa kwa kununua stempu za akiba kila wiki kwa ahadi ya kupata "gari la wananchi". Vita vikaja, na hakuna mwekaji akiba hata mmoja aliyekabidhiwa gari kwa stempu zake. (Ahadi za gari la wananchi zina historia ndefu kuliko kampeni zetu.) Baada ya vita kiwanda kilifufuliwa chini ya jeshi la Uingereza, na gari likaendelea kutengenezwa hadi mwaka 2003, la mwisho likitoka Mexico. Barabara zetu nazo zililifahamu: lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1957 na tena 1962. Muda wote huo umbo la nje lilibaki karibu lilelile, lakini ndani mambo yalibadilika. Badiliko kubwa kwa habari ya stata lilikuja na magari ya mwaka 1967, umeme ulipotoka volti 6 kwenda 12. Flaiwili ya zamani ina meno 109, ya baadaye ina 130. Hata bushi inayoshika ncha ya mhimili wa stata ilibadilika tundu.

Bushi hiyo inastahili maelezo. Stata ya kawaida ya Beetle haijitoshelezi. Upande mmoja mhimili wake unashikwa na kifuniko chake yenyewe, lakini upande wa pili unaingia ndani ya bushi ndogo iliyopigiliwa kwenye ganda la giaboksi. Ukinunua stata mpya, bushi haiji nayo. Inabaki kwenye gari. Bushi ikilika, mhimili unayumba na sehemu inayozunguka inakwaruza kuta za ndani. Watu wengi hubadilisha stata tatu mfululizo juu ya bushi ileile mbovu, wakilaani kila mtengenezaji.

Dukani Kariakoo nilioneshwa stata mpya ndani ya boksi linalong'aa. Boksi halikuwa na jina la kiwanda wala nchi. Nikauliza kama ni ya volti 12 na meno mangapi. Muuzaji, kijana mchangamfu, akanijibu: "Mzee, hii inaingia Beetle zote." Kwa niliyokwisha kuyaeleza, kitu kama hicho hakipo. Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tunayo Tume ya Ushindani inayopambana na bidhaa bandia, tunalo Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, lakini boksi lisilo na jina halighushi jina la mtu yeyote. Ni werevu wa aina yake. Niliiweka chini, ingawa ndiyo iliyokuwa na bei nafuu kuliko zote.

Ya pili ilikuwa stata ya kisasa yenye gia za ndani, ya kuagizwa nje. Kiufundi hii ndiyo bora, na sitaki kuwaficha. Ni ndogo, ni nyepesi, inatumia umeme kidogo na kuzungusha kwa nguvu zaidi. Zipo zinazoshikilia mhimili wao wenyewe, hata bushi ya giaboksi hazina haja nayo. Lakini ukijumlisha usafiri na ushuru, bei yake ilikuwa mara kadhaa ya kuitengeneza ya zamani, na siku ikifa hapa mjini hakuna wa kuifungua wala spea ya kuweka ndani. Ilinikumbusha washauri waelekezi wetu: wana uwezo mkubwa, hawaegemei chochote walichokikuta, na wakiondoka hawaachi wa kuendeleza. Hata hivyo, ningekuwa muuguzi ninayetoka zamu usiku wa manane, ningeinunua hiyo bila kusita. Mimi nina wanafunzi wa kunisukuma.

Ya tatu, stata ya mtumba iliyotolewa kwenye Beetle lililokufa, niliikataa mapema. Kuhamisha mtumishi mwenye tuhuma kutoka kituo kimoja kwenda kingine tunakufahamu.

Ikabaki kuitengeneza ileile. Gerezani nilielekezwa kwa mzee mmoja anayesuka stata na jenereta chini ya bati, pembeni ya mtaro. Nikamwamkia, nikampa mzigo. Aliifungua kwa dakika chache, akaniita niinamie. Amecha, ule mhimili uliozungushiwa nyaya za shaba, ulikuwa na alama za kukwaruzwa upande mmoja. Kaboni zilikuwa zimekwisha. Nyaya zenyewe hazikuungua. "Hii haijafa, Mwalimu," alisema. "Imeshikwa vibaya tu." Akaniambia kabla ya yote nikatoe bushi ya kwenye giaboksi, akanipa mpya, na kuniagiza niiloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuipigilia, kwa sababu shaba yake ina vinyweleo na oili itakayonywa usiku huo ndiyo itakayoilinda kwa miaka.

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Karakana ya shirika la umma, akasema, kabla halijauzwa miaka ya 1990. Katika vitabu tunavyofundishia, ubinafsishaji huandikwa kwa hesabu za viwanda, hisa na ajira zilizopotea. Sijaona safu inayoonesha ujuzi ulipokwenda. Mwingine ulikwenda pale, pembeni ya mtaro, bila cheti. VETA inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mzee anausikia. Ila kwa umri wake anaona cheti kitamfaa mrithi wake kuliko yeye.

Sasa nizungumze na wasomaji wangu watumishi wa umma. Nyuma ya ofisi nyingi za wilaya yapo magari yenye namba za STK na DFP yaliyosimama juu ya mawe, nyasi zikipenya kwenye sakafu. Afisa ununuzi si mtu mbaya. Lakini mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST unamtambua mzabuni aliyesajiliwa, mwenye namba ya mlipakodi na risiti ya mashine. Kwa mkaguzi, boksi jipya lisilo na jina lililonunuliwa kwa mzabuni aliyesajiliwa ni malipo safi. Mzee wa Gerezani aliyetengeneza kitu kwa sehemu ndogo ya bei hiyo ni hoja ya ukaguzi. Sisemi tufute taratibu, maana tunajua fedha zilikwenda wapi zilipokuwa hazipo. Nasema kanuni inayoweza kulipia kitu kipya tu, na haina mlango wa kumlipa anayejua kutengeneza, imeshaamua kwa niaba yetu kwamba kila kilichochoka ni maiti.

Siku ya kuchukua mzigo nilikuta kazi haijaisha. Mzee ana msaidizi, kijana aliyemaliza VETA fani ya umeme wa magari, mwenye cheti na lugha nzuri ya vifaa vya kompyuta vya kupimia. Alikuwa hajawahi kuona ndani ya stata ya aina hii. Mzee alimpa kipande cha msumeno wa chuma, akamwonesha vipande vya shaba mwishoni mwa amecha ambavyo kaboni husugua, na mstari mwembamba wa mika kati ya kipande na kipande. Mika lazima iwe chini ya shaba, la sivyo kaboni zitarukaruka. Kijana alikwangua mstari wa kwanza. Mzee akapitisha ukucha, akasema bado. Akakwangua tena. Nilikaa kwenye benchi kusubiri, na hakuna aliyenifukuza wala kunisemesha. Ilichukua karibu saa mbili. Nilipewa risiti kwenye karatasi ya daftari, nikaondoka na stata ikiwa imefungwa ndani ya gazeti la jana.